Maji Hufuata Chumvi: Kazi ya Dawa za Maji Ndani ya Figo

Katika Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya upande wa kusini, ambako mto Umba ushukao kutoka milima ya Usambara huingia baharini katikati ya misitu ya mikoko, hapana mtu aliyekulia karibu na chanja za samaki asiyejua kwamba samaki aliyepasuliwa na kutiwa chumvi huanza kutoa maji kabla hajaanikwa juani. Hakuna aliyemkamua, chumvi imeyaita maji, nayo yameitika, yakachuruzika mpaka nyama ikakauka na kuwa ng'onda. Kanuni hiyo, kwamba maji huiandama chumvi popote iendapo, ndiyo msingi wa kazi ya vidonge wanavyopewa wenye presha na wenye kuvimba miguu katika zahanati na hospitali zetu, kuanzia Vanga na Lunga Lunga hata Msambweni, vidonge ambavyo watu huviita dawa ya maji.

Aghalabu wanaovimeza hudhani kuwa vidonge hivyo huyasukuma maji kutoka mwilini, au kwamba huziosha figo na kuzitia nguvu, na wako wanaovinunua dukani bila cheti kwa kuwa mguu umevimba na jirani alipewa vivyo hivyo vikamfaa. Mimi nimeona madhara ya dhana hizo katika jamaa za watu ninaowapenda, na kwa sababu hiyo naona ni wajibu kulieleza jambo lenyewe kwa utaratibu, maana mtu akishaifahamu njia ya chumvi ndani ya figo, mengi ambayo tabibu humwambia kwa haraka humdhihirikia kuwa na sababu.

Figo ni mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mwenyewe, nazo hukaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Ndani ya kila moja mna vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu iliyojiviringa ndani ya kifuko, ambacho kutoka kwake huanza mrija mrefu wenye kupindapinda mpaka uishie kwenye njia ya mkojo. Marcello Malpighi wa Italia aliyaona mafundo hayo kwa hadubini katika karne ya 17, lakini ilibidi kungoja hata mwaka 1842 ndipo tabibu Mwingereza William Bowman alipoonyesha jinsi fundo na mrija vinavyoungana.

Basi damu ipitapo katika mafundo hayo huchujwa maji yake kiasi cha lita 180 kwa siku moja, ilhali maji yote ya damu ya mtu mzima ni lita 3 au zaidi kidogo, maana yake ni kuwa maji yale yale huchujwa takriban mara 60 baina ya alfajiri na alfajiri. Na ndani ya lita hizo 180 mna chumvi ipatayo kilo moja na nusu. Lau yote hayo yangeachwa yatoke, mtu angekaukiwa na damu yake kabla ya saa moja kutimia. Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu au mbili tu, na chumvi itokayo ni gramu chache, kadiri ya ile iliyoliwa. Takriban sehemu 99 katika kila 100 za maji na chumvi hurejeshwa katika damu na kuta za ile mirija. Kwa hivyo sehemu kubwa ya juhudi ya figo, na sehemu kubwa ya nguvu inayotumia, ni juhudi ya kurejesha. Dawa ya maji haiongezi kuchuja hata kidogo. Huingia katika kazi hii ya kurejesha na kuikwamisha mahali pamoja, ili chumvi kiasi fulani ibaki mrijani, na maji yabaki nayo.

Mahali penyewe ni panne, na kila dawa ina pake. Sehemu ya kwanza ya mrija, iliyo karibu na fundo, hurejesha thuluthi mbili za chumvi yote. Humo ndimo ifanyamo kazi asetazolamidi, ambayo siku hizi hutumiwa zaidi kwa maradhi ya macho kuliko kwa kutoa maji, na humo pia, kwa nguvu ndogo, ndimo inamogusa kahawa, jambo linalojulikana na kila aliyekaa barazani jioni na vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu. Yafaa kuuliza kwa nini dawa inayozuia mahali penye kazi kubwa hivyo isiwe ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na jibu ni kwamba chumvi iliyoachwa hapo mwanzo hukutana mbele na sehemu nyingine za mrija zilizo tayari kuidaka.

Mbele yake mrija hushuka ndani ya figo kisha hupinda na kupanda tena, na pindo hilo huitwa kwa jina la Jakob Henle, mwanachuoni wa Ujerumani aliyelieleza mwaka 1862. Katika mkono wake upandao hurejeshwa robo ya chumvi yote. Kuta za hapo zina milango ya ajabu, ambayo haifunguki ila wakija pamoja sodiamu mmoja, potasiamu mmoja na kloridi wawili. Akikosekana mmoja wao, mlango haugeuki. Furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, hukikalia kiti cha kloridi, na mlango ukabaki umefungwa. Kwa kuwa baada ya hapo hakuna tena sehemu ya mrija yenye uwezo wa kuidaka robo nzima ya chumvi, mkojo hutoka kwa wingi mkubwa mno: kidonge kikimezwa, athari yake huanza katika muda wa saa moja au chini yake, na huendelea kwa saa sita hivi. Ndiyo dawa wanayoikimbilia madaktari pale moyo unaposhindwa kusukuma damu na maji yakajaa mapafuni hata mgonjwa asiweze kulala chali, na ikitiwa kwenye mshipa huanza kazi kwa dakika chache.

Lipo jambo jingine la furosemidi ambalo naliona zuri sana kulijua. Dawa hii haifiki mahali pake kwa kuchujwa katika fundo, maana imeshikamana na protini za damu na hivyo haipiti. Hubebwa kutoka damuni na chembe za sehemu ya kwanza ya mrija, ikamiminwa ndani ya mrija, na kutoka humo ikateremka pamoja na mkojo mpaka kwenye pindo la Henle, kwa kuwa milango niliyoitaja hufungwa kwa upande wa ndani. Figo zikiwa zimedhoofika, uchukuzi huo nao hudhoofika, na dawa ifikayo huwa chache. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huonekana amepewa vidonge vingi kuliko mwenzake mwenye figo nzima, na jamaa zake wakahofu kwamba daktari amekosea hesabu.

Baada ya pindo huja sehemu inayorejesha kama sehemu 5 katika 100 tu za chumvi, na hapo ndipo pahali pa dawa za jamii ya thiazidi, kama vile hidroklorothiazidi, ambazo wenye presha wengi katika Afrika Mashariki wamezimeza. Na mwisho kabisa, kabla mkojo haujaondoka, upo mlango mdogo wa sodiamu unaotawaliwa na aldosteroni, homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, iliyotambuliwa huko London na Sylvia Simpson na James Tait mwaka 1953. Spironolaktoni huizuia homoni hiyo, na amiloraidi huuziba mlango wenyewe. Kiasi cha chumvi kinachohusika hapa ni kidogo, lakini mahali hapa ndipo potasiamu inapotolewa kubadilishana na sodiamu, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu lina hatari yake.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina, waliyaandikia sana maradhi ya istiska, yaani kujaa maji tumboni na miguuni, wakayatibu kwa mimea; na vitunguu vya porini vya pwani za Bahari ya Kati vilitumiwa kutoa maji tangu enzi za kale. Mwaka 1919, katika hospitali moja ya Vienna, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Alfred Vogl alimdunga msichana mgonjwa wa kaswende dawa mpya yenye zebaki, naye akaona katika daftari la wauguzi, ambamo kiasi cha mkojo kiliandikwa kila siku, kwamba mkojo ulikuwa umefurika siku za sindano. Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo zebaki ikawa ndiyo tegemeo la wagonjwa wa moyo, nayo sharti idungwe, na ni sumu. Baadaye ikaonekana kuwa dawa za salfa, zilizotengenezwa kuua vijidudu, huwafanya wagonjwa watoe chumvi katika mkojo; kutoka huko Karl Beyer na wenzake katika kampuni ya Merck Sharp & Dohme, Marekani, wakapata klorothiazidi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Tangu hapo wengi wenye kuvimba maji au wenye presha wakaweza kutibiwa kwa kidonge cha kumeza nyumbani kwao.

Kuhusu presha, nchi yetu ina habari yake yenyewe, ambayo yafaa kuzingatiwa. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akitumikia hospitali ya Kisii, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000 wa huko, na alichokiona ni kwamba shinikizo la damu halikupanda kadiri ya umri kama lilivyopanda Ulaya. Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walieleza habari za Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda Nairobi: shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilionekana mapema baada ya kuhama, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi kwa kadiri ya potasiamu. Watu ni wale wale, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha, na ndani ya maisha hayo chumvi ya chakula. Na uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha, na walio wengi miongoni mwao hawajui.

Je, dawa ya bei ndogo kama thiazidi inawafaa watu wetu, au wanapewa kwa kuwa ni maskini? Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina haki ya kujibiwa. Jaribio liitwalo CREOLE, lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wagonjwa 728, na kuchapishwa mwaka 2019, lililinganisha dawa mbilimbili za presha zilizochanganywa. Mchanganyiko wa amlodipini na hidroklorothiazidi ulishusha shinikizo sawasawa na ule wa amlodipini na perindopirili, na yote miwili ilikuwa bora kuliko ule wa perindopirili na hidroklorothiazidi usio na amlodipini. Mgonjwa wa Vanga anayepewa kidonge cha thiazidi pamoja na amlodipini hapewi dawa ya kumdhalilisha.

Mgonjwa huyo, hata hivyo, atakutana na jambo litakalomtia shaka. Siku za mwanzo atakwenda haja ndogo mara nyingi, lakini baada ya majuma kadhaa atajiona anakojoa kama zamani, naye atasema dawa imekwisha nguvu, aiache. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwili umekwisha kupata mizani mpya: chumvi na maji yamepungua kiasi, figo zimeanza kushika zaidi katika sehemu nyingine za mrija, na kiasi kitokacho kimelingana tena na kiasi kiingiacho. Faida ya presha inabaki, kwa kuwa kadiri siku zinavyopita mishipa ya damu hulegea na kupanuka, na kulegea huko ndiko kunakolishikilia shinikizo chini. Kidonge cha presha hupimwa kwa mashine ya presha. Wingi wa safari za chooni hauna ushahidi wowote juu yake.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonihuzunisha zaidi, kwa kuwa ni letu sisi wa Kwale, kaunti ya Vanga na Msambweni, kuliko la wengi wengine. Kuvimba mguu hakuna maana moja katika nchi yenye matende. Pwani hii imeishi na minyoo ya matende, iletwayo na mbu, kwa vizazi visivyohesabika, na ijapokuwa serikali imekuwa ikigawa dawa za kuiua kwa umma tangu mwanzo wa karne hii, wako bado wazee, wanaume kwa wanawake, walioharibikiwa na mishipa ya limfu zamani, na miguu yao haitarudi kuwa kama ya utotoni. Uvimbe huo dawa ya maji haiutibu. Maji ya matende yamejaa protini, na njia zake za kuondokea zimeharibika. Furosemidi itatoa chumvi na maji ya damu, mgonjwa apate kizunguzungu na kiu, ilhali protini imebaki pale pale mguuni na kuyaita maji upya.

Tofauti huweza kuonekana kwa mkono. Mtu aliyevimba kwa sababu ya moyo au figo aghalabu huvimba miguu yote miwili, na ukiubonyeza muundi wake kwa kidole gumba, ukashikilia kwa muda wa kuhesabu kumi polepole, kisha ukaondoa, utaona shimo limebaki, nalo hujaa taratibu. Matende mara nyingi huzidi mguu mmoja. Mwanzoni huweza kubonyea vilevile, lakini yakikomaa ngozi huwa ngumu na nene, haibonyei, na ukijaribu kuifinya ngozi ya juu ya shina la kidole cha pili cha mguu, huwezi kuinyanyua. Vipimo hivi havitoshi kuwa hukumu, ila vyatosha kumzuia mtu asikimbilie duka la dawa. Mwenye matende husaidiwa na kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kukausha vizuri baina ya vidole, kuuinua anapoketi, na kutibu kila mkwaruzo kabla haujawa kidonda. Busha nalo, ambalo ni ndugu ya matende, huondolewa kwa kisu cha daktari.

Wala si matende peke yake. Kichocho, ambacho watafiti wamekifuatilia katika eneo la Msambweni tangu miaka ya 1980, huletwa na minyoo ambayo mayai yake hukwama katika kuta za kibofu, na makovu yake huweza kuziba mirija iletayo mkojo kutoka figoni, mkojo ukarudi nyuma na kuivimbisha figo. Kumwongezea mtu wa namna hiyo dawa ya kukojosha ni kuiongezea figo mzigo ambao haina pa kuutua.

Hatari za dawa hizi hutoka mumo humo katika kazi yake. Chumvi nyingi inapofika mwisho wa mrija, figo huidaka kwa kutoa potasiamu badala yake, na kwa hiyo furosemidi na thiazidi hupunguza potasiamu ya damu, mtu akahisi misuli imelegea, mapigo ya moyo yakapotea mwendo. Ndizi, mchicha, machungwa na dafu vina potasiamu kwa wingi, na mtu wa thiazidi mwenye figo nzima hufanya vema kuvila. Walakini yule anayemeza spironolaktoni, au ambaye figo zake zimechoka, mwili wake huishikilia potasiamu, na madafu matatu kwa siku yaweza kumdhuru moyo; asiige wa jirani. Thiazidi pia huzuilia asidi ya mkojo, hata maumivu ya jongo yakaamka kwenye dole gumba la mguu, na huweza kupandisha sukari kidogo kwa mwenye kisukari.

Kisha kuna vidonge vya maumivu. Wavuvi wenye migongo iliyochoshwa na nyavu, na akina mama wenye magoti, hununua diklofenaki na ibuprofeni bila kuulizwa swali. Dawa hizo hubana mshipa uletao damu kwenye vichujio vya figo. Dawa ya maji imekwisha kupunguza damu yenyewe. Na ikiwa mtu anatumia pia dawa za presha kama enalapirili au losartani, figo haina tena njia ya kujitetea, na inaweza kusimama kwa siku chache. Mtu akitembelewa na kuhara au kutapika, vilevile, sharti amwendee mhudumu wa afya aulize kama asimamishe dawa ya maji kwa siku hizo, maana mwili tayari unapoteza chumvi na maji kwa mlango mwingine.

Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, ambapo watu wengi wa Vanga hufunga, mtu asimeze dawa ya maji wakati wa daku, akaingia mchana wa jua kali akiwa amekojoa maji yote aliyokunywa. Kwa wengi wenye presha waliotulia, daktari hukubali kuihamishia dawa baada ya futari, ili mkojo na maji ya kunywa vikutane usiku. Lakini mwenye moyo dhaifu anayemeza furosemidi nyingi mara mbili kwa siku, huyo aende kituoni wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apimwe figo na potasiamu, na aulize kama kufunga kunamfaa, kwani dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Siku za kawaida dawa humezwa asubuhi, ili usiku uwe wa usingizi. Na mwenye safari ya matatu kutoka Vanga hadi Msambweni anayetumia furosemidi aweza, kwa idhini ya aliyemwandikia, kukichelewesha kidonge mpaka atakapofika, na akifika aende na vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, pamoja na vile vya maumivu na vya miti, ili avionyeshe vyote kwa pamoja.